Mama yangu alivyong'oa ukoka wa bustani ya wananchi akapanda viazi, nami nikasema simfahamu

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Miaka yote humu ndani nimekuwa msomaji wa kimya. Naingia, nacheka na nyuzi za watu, natoka bila hata kuaga. Leo zamu yangu.

Nitakachoandika ni kweli tupu. Kuna sehemu ya katikati inaniaibisha, nilitaka kuiruka, ila nikiiruka uzi wote hauna maana.

Tuanze.

Mimi ni mtu wa bustani. Si mkulima, tuelewane hapo mapema. Napanda nyasi, maua na miti ya kivuli kwenye majumba ya watu na kwenye mahoteli. Kampuni ndogo ninayofanyia kazi ilipata tenda ya kutengeneza eneo la wazi moja kando ya ziwa hapa Mwanza, lile la wananchi kupumzika. Kuna mabenchi, bembea za watoto, njia ya kutembea, na mteremko mrefu unaoshuka kutoka kwenye mawe makubwa hadi karibu na maji.

Sitataja ni lipi. Wakazi wa Mwanza mtalijua tu, kaeni nalo moyoni.

Kwa mara ya kwanza nikapewa usimamizi wa saiti. Kabla ya hapo nilikaa miezi mingi nikiokoteza vibarua, leo kipo kesho hakuna. Kwa hiyo ile kazi nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili na meno juu.

Bosi wangu ni injinia, mama mmoja wa Kihaya kutoka Muleba. Tumwite Injinia Koku. Mtu wa haki, ila hana mchezo. Hata akikutania unatakiwa uambiwe na mwingine kwamba umetaniwa. Agizo lake kwangu lilikuwa fupi: mteremko wote upandwe ukoka, na uwe umeshika kabla ya siku ya uzinduzi.

Sasa aje mama yangu.

Mama anaishi Misungwi. Ni Msukuma wa jembe, amelima pamba, mpunga, mahindi na viazi vitamu mpaka viganja vimekuwa vigumu kama soli. Alikuja kwangu kwa ajili ya kliniki, presha na magoti. Daktari akamwambia apumzike, asishike jembe kwa muda.

Wenye wazazi wa aina hii mnajua hiyo sentensi inavyowaingia. Tangu siku ile mama alipoa. Anakula kidogo, anajibu kidogo, muda mwingi anatazama viganja vyake. Siku moja nilimsikia akimwambia mke wangu, "Sasa mimi nimekuwa mtu wa kulishwa tu."

Mke wangu ni mwalimu, anatoka asubuhi. Kumwacha mama peke yake nyumbani nilikuwa naogopa, kwa hiyo nikaanza kwenda naye saiti. Namkalisha kwenye benchi la kivulini, anatazama ziwa na wale korongo wenye vipara wanaotembea taratibu ufukweni kama wazee wanaokwenda kwenye kikao.

Siku ya kwanza tu akaanza maswali.

"Baba, hicho mnachopanda ni nini?"

"Ukoka, mama."

Akainuka, akaja kuangalia kwa karibu.

"Ukoka huu huu ninaoung'oa shambani tangu nikiwa binti?"

"Huu huu."

"Na ng'ombe mtawaleta lini?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni wa kutazama na kukalia."

Alinitazama kwa huruma kabisa. Kisha akachukua udongo kidogo, akausugua kwenye vidole, akaunusa. "Udongo wenyewe mzuri," akasema, akarudi kwenye benchi.

Wakuu, hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Msukuma akinusa udongo, jua tayari ameshapanda kichwani.

Alhamisi ikafika. Shehena ya pili ya ukoka ilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi. Siku hizi kuna daraja, ni kuvuka tu na kurudi, si kama zamani unasubiri kivuko mpaka unajuana na wauza mayai wote. Nikamchukua kibarua wangu, nikamwacha mama chini ya uangalizi wa mlinzi wa saiti, Mzee Magesa, mtu wa makamo, mpole, anayependa redio.

Nikamwambia mama, "Mchana tutakuwa tumerudi."

Lori likapata pancha. Tukabadilisha tairi, la akiba nalo likawa halina upepo. Mnajua siku ikiamua kukukataa inavyokuwa. Tumerudi saa kumi na moja jioni.

Nilipokaribia geti nikaona kitu ambacho akili ilikataa kukipokea.

Sehemu yote ya juu ya mteremko, ile tuliyoipanda wiki iliyotangulia, haikuwa na unyasi hata mmoja. Mahali pake yalikuwepo matuta. Matuta marefu, yamenyooka, yamelala kuukata mteremko kutoka pembe moja hadi nyingine. Juu ya kila tuta marando ya viazi vitamu, yamechomekwa kwa mpangilio.

Na ukoka wangu? Umekung'utwa udongo vizuri, umelundikwa pembeni mizizi juu, ukauke usije ukachipua tena. Kazi safi kabisa ya mkulima anayejua adui yake.

Mama alikuwa bombani ananawa miguu. Wakuu, alikuwa anacheka. Tangu marehemu baba atuache sikuwahi kuuona uso ule.

"Umerudi, baba? Nimekupunguzia kazi. Sehemu ya chini mtamalizia wenyewe, magoti yamekataa."

Nikamgeukia Mzee Magesa. Akazima redio.

"Mama mzazi wa msimamizi ameniambia nifungue stoo nimpe majembe," akasema. "Mimi nikajua umemtuma."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi kuna akina mama huwa wanakaa pale ufukweni wakisubiri mitumbwi ya dagaa. Mama akashika jembe, akaanza tuta la kwanza. Kwetu ukimkuta mtu mzima analima peke yake huwezi kumpa salamu ukapita zako, lazima ushike jembe walau kidogo. Akina mama wale wengi wao wametoka huko huko Usukumani. Wa kwanza akauliza shamba la nani, mama akajibu, "La mwanangu." Basi. Mmoja akaenda kwake hapo juu kwenye mawe akaleta marando, wengine wakagawana majembe, mwingine akaanzisha wimbo. Na kwa kuwa mwenye shamba hulisha waliomsaidia, mama akatoa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga alizokuja nazo kutoka nyumbani, wakala wote.

Shamba la mwanangu. Yaani mama alijua vizuri kwamba pale ni pa wananchi. Ila aliona mwanaye amepewa ardhi nzuri, mvua ziko njiani, na hana mtu wa kumwambia ukweli kuhusu ukoka.

Sijafungua hata mdomo, simu ikaita. Injinia Koku.

Kumbe kuna mpita njia alipiga picha, akarusha kwenye grupu la mtaa na maneno "bustani ya wananchi yageuzwa shamba". Picha ikatembea mpaka ikamfikia bosi.

"Nieleze ninachokiona," akasema. Sauti ya chini. Ile ya chini ndiyo mbaya.

Nikaanza kubabaika. Nikasema nilikuwa Busisi, nikasema pancha, nikasema sijui nini.

Akanikata. "Huyu bibi mwenye kitenge cha njano, aliyeshika jembe mbele ya wenzake, ni nani?"

Wakuu, sehemu inayoniaibisha ndiyo hii.

Nilimtazama mama. Alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, kitenge cha njano, anasugua tope kwenye jembe kwa kipande cha gunia. Nikaiona kazi inaondoka. Nikajiona naokoteza vibarua tena.

Nikasema, "Simfahamu, bosi. Ni bibi mmoja tu wa mtaani."

Mzee Magesa akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua jembe lile mpaka likang'aa, akalirudisha stoo, akaja tukaondoka. Nikajiambia hajasikia. Nilitaka sana iwe hajasikia.

Bosi alikuwa amenipa mpaka Jumatatu. Matuta yabomolewe, ukoka urudi, la sivyo saiti inapata msimamizi mwingine.

Jioni ile tumekula ugali na sato, mama akanawa mikono, akasema, "Nashukuru kwa chakula."

Nyie. Mama yangu hajawahi kunishukuru kwa chakula. Mgeni ndiye anayeshukuru hivyo. Kisha akasema Jumamosi nimpeleke stendi ya Nyegezi apande gari la Misungwi.

Nikamwambia, "Kliniki yako ni wiki ijayo, mama."

"Magoti yamepona."

Mke wangu akanitazama. Nikajifanya nachambua mifupa ya samaki. Nilijua mama aliyasikia yale ya kwenye simu.

Ijumaa mama hakuja saiti, alibaki anapanga begi. Mimi nikaenda kubomoa. Wakuu, kila nikiliinua jembe juu ya tuta la kwanza mkono unakataa. Nikamwambia kibarua tuanze na sehemu ya chini, tupande ule ukoka mpya kwanza, matuta yatafuata. Tukapanda, tukamwagilia, tukanyoosha. Alasiri mvua ikaja. Mvua ya Mwanza mnaijua, inatokea ziwani imeshakasirika tayari. Tukakimbilia stoo, baadaye tukaenda nyumbani tumelowa.

Jumamosi asubuhi begi la mama liko mlangoni. Simu ikaita, Mzee Magesa.

"Msimamizi, njoo. Na bosi yupo hapa."

Nikamwambia mama tupite saiti mara moja kabla ya stendi. Hakukubali wala hakukataa, akabeba begi lake mwenyewe. Nilijaribu kumpokea, akalihamishia mkono mwingine.

Tulipofika nikaona mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza, ukoka wetu mpya haukuwepo. Maji yalikuwa yameukunja kama mkeka yakaushusha mpaka chini kwenye bembea. Njia ya kutembea ilikuwa tope tupu. Mabenchi mawili ya chini yamezama nusu ya miguu.

La pili, matuta ya mama yapo. Maji yamelala katikati ya tuta na tuta, yametulia, yananywewa na ardhi polepole. Tuta moja la pembeni lilikuwa limebomoka, mengine yote mazima. Marando yamesimama, yameoga.

Injinia Koku alikuwa amevaa mabuti ya mvua, anatembea juu ya matuta na mwavuli umefungwa, anaupima mteremko kwa macho. Akaniita.

"Aliyelima hapa amekata mteremko kwa makusudi," akasema. "Haya matuta yamelazwa kuzuia maji. Sisi tuliosoma tumeacha maji yapite moja kwa moja. Mtafute yule bibi wa mtaani, nataka kuzungumza naye."

Hapo ningeweza kuchomoka. Ningesema nitamtafuta, nikampeleka mama stendi, na wiki ijayo nikasema hajapatikana. Njia ilikuwa wazi kabisa, na kazi yangu ingepona.

Ila mama alikuwa amesimama nyuma yangu na begi lake, kwenye tope, na magoti yale.

Nikasema, "Bosi, yule bibi ni mama yangu mzazi. Ndiye huyu hapa. Nilikudanganya. Niliogopa kazi nikamkana mama yangu, na yeye alikuwa anasikia."

Mzee Magesa aliinamia redio yake ambayo hata haikuwa imewashwa.

Injinia Koku aliuchomeka mwavuli wake kwenye tope. Kisha akanipita kama nguzo, akaenda mpaka kwa mama, akapiga goti kidogo kwa adabu ya kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, kwa nini uliyalaza matuta hivi?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria lina chini. "Si ni mlima? Maji ukiyaachia njia yanaondoka na shamba. Unayafunga. Yakitaka kushuka yaombe ruhusa."

"Na ukoka?"

"Ukoka mbichi hauna mizizi bado, utashika nini? Ungeuweka kwenye ardhi iliyokwisha kufungwa. Ila mimi sikujua mnautaka kweli. Nilijua mwanangu amekosea."

Mara ya kwanza kumwona Injinia Koku akicheka. Akasema kwao Muleba nyasi wanazitandika kwenye migomba, na mama yake siku alipofika mjini akaona watu wanazikata kwa mashine na kuzitupa, aliulizia gunia la kuzibebea. Wakakaa kwenye benchi lililopona, wakaongea kuhusu nyasi kama watu waliosoma pamoja. Mimi nimesimama na tope langu.

Baadaye bosi akarudi kwangu. Matuta yabaki. Tutayaendeleza mpaka chini, viazi vishike udongo kipindi chote cha mvua, vikivunwa ndipo ukoka upandwe juu ya matuta yaliyotulia. Uzinduzi ungesogezwa mbele.

"Na wewe," akasema, "Jumatatu nataka barua ya maelezo. Si ya viazi. Ya uongo."

Niliiandika, ipo kwenye faili langu mpaka leo.

Nikamfuata mama pale benchini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini yaliyotoka ni "Mama, nisamehe" tu, kisha nikainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja mtungi.

Mama hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliangalia ziwa kidogo, akalisukuma begi lake kwa mguu mpaka likagusa mguu wangu.

"Libebe hili," akasema. "Zito."

Nikalibeba. Hatukwenda Nyegezi.

Siku hizi bustani inatumika, wakuu, na ni burudani. Jioni wazee wanatembea, watoto wanagombania bembea, maharusi wanapigwa picha pale kwenye mawe wakipita katikati ya viazi na gauni jeupe. Tumeweka kibao cha kuzuia watu kukanyaga ukoka tuliokuja kuupanda pembeni, kwenye tambarare, wananchi wanakitii vizuri sana. Ila hakuna kibao kilichotaja matembele ya viazi, kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili utaona akina mama wanaaga mapumziko na fungu la mboga kwapani. Injinia Koku mwenyewe nimemfuma mara mbili. Nimegeuka upande wa ziwa.

Mama kliniki alikwenda, presha imeshuka. Daktari alimuuliza amefanya nini, akasema anapumzika kwenye bustani. Si uongo. Jembe halishiki tena, ila anakaa benchini kwake na kuwaelekeza vibarua wangu, na wanamsikiliza kuliko mimi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kazi ikipotea unaweza kutafuta nyingine, hata kwa kuchelewa. Mama ukiiambia dunia kwamba humjui, hakuna tangazo la nafasi ya mama mwingine. Na jingine: kabla hujamcheka mzee wa shamba kuhusu mteremko, subiri mvua moja inyeshe.

Wadau, kama kuna aliyewahi kumkana mtu wake kwa hofu ya bosi, ashushe hapa chini tusaidiane aibu. Na wanaotaka kunichapa, chapeni, nimekaa mkao wa kuchapwa. Wataalamu wa ukoka mnisaidie pia, ule wa pembeni umeanza kuwa wa njano.

Kitu kimoja kabla sijatoka. Jumapili iliyopita familia moja ilikaa karibu na mama pale benchini, wageni wa jiji. Mimi nilikuwa natoka bombani na ndoo. Wakamuuliza mama yule anayemwagilia viazi ni nani, maana wanataka kumwomba marando.

Mama akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, taratibu, kisha akawaambia, "Simfahamu. Ni kijana mmoja tu wa mtaani."

Halafu akacheka mpaka akashika magoti.